Kibanda cha mama lishe: mwongozo kamili wa siku nzima, kuanzia sokoni alfajiri hadi daftari la jioni

Mama lishe wa Dar es Salaam huamka saa kumi alfajiri na kulala saa nne usiku, lakini pesa yake karibu yote huingia kati ya saa sita na saa nane mchana. Hapo ndipo mafundi wanashuka kwenye ujenzi, bodaboda wanaegesha, makuli wanaweka mizigo chini na watu wa gereji wanaosha mikono kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga. Kila anachofanya kabla ya hapo ni kuandaa saa hizo mbili, na kila anachofanya baadaye ni kuzifungia hesabu. Anayeanza biashara hii huwa anafikiria mapishi kwanza. Mapishi ni muhimu, ila vibanda vingi vinavyokufa havifi kwa sababu chakula ni kibaya. Vinakufa kwa sababu wali umeiva saa saba kasoro wakati wateja walipita saa sita na robo, au kwa sababu mwenye kibanda hajui sahani moja inamgharimu shilingi ngapi.

Mwongozo huu ni wa kibanda cha chakula cha mchana: wali, maharage, mboga za majani, labda na nyama au dagaa. Unamfaa mwenye kibanda, baba lishe kwa mama lishe, na unamfaa pia binti au kijana aliyeajiriwa kuosha vyombo huku akijifunza kazi.

Chagua wateja kwanza, eneo baadaye

Usianze kwa kutafuta uwazi penye kivuli. Anza kwa kutafuta watu wenye njaa wasioweza kurudi nyumbani mchana. Kaa karibu na eneo unalolitamani kwa wiki nzima, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, saa tano na nusu hadi saa nane na nusu. Tazama ni wangapi wanatoka kula, wanaelekea wapi, na wangapi wanakula wamesimama kwa sababu mabenchi yamejaa. Hao wanaosimama ndio wateja wako wa kwanza.

Kisha uliza jambo moja ambalo wengi hulisahau: watu hawa wanalipwa lini? Kibarua anayelipwa kila jioni ana pesa mkononi leo. Fundi anayelipwa Jumamosi ataomba mkopo kuanzia Jumatano. Mlinzi wa kampuni na karani wa ofisi wana pesa wiki ya kwanza ya mwezi, halafu wanapungua. Kwenye stendi na masokoni pesa inatembea kila siku, ingawa huko vibanda vimebanana na mteja hana mazoea na mtu. Ujenzi mkubwa huleta watu wengi kwa pamoja, nao huhama jengo likifika kwenye kupaka rangi. Ukifungua karibu na jengo linalomwaga zege la ghorofa ya pili, una miezi kadhaa mbele yako. Ukikuta wanafunga madirisha, tafuta kwingine.

Maji, choo na mtaro viwe karibu. Hakikisha pia hukai kwenye hifadhi ya barabara. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliokuwa kando ya barabara na juu ya mitaro ya jiji waliondolewa, na waliokuwa wamejenga vibanda vya mbao na mabati walipoteza mtaji mwingi kuliko waliokuwa na meza, turubai na mabenchi ya kubeba. Kwa mwaka wa kwanza, usijenge kitu usichoweza kukipakia kwenye guta.

Vibali na afya yako

Nenda kwa mtendaji wa mtaa ujitambulishe, halafu ofisi ya kata uulize kuhusu kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo. Utaratibu wa vitambulisho ulianza Desemba 2018, wakati huo kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, nao umebadilika tangu hapo, kwa hiyo sikiliza maelekezo ya sasa ya halmashauri yako. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Mtu akija kibandani anataka pesa mkononi bila risiti, mwombe kwa upole akuandikie jina lake na ofisi yake.

Anayeshika chakula cha watu anatakiwa kupimwa afya, kwa kawaida kila baada ya miezi sita, na msaidizi wako pia. Weka vyeti kwenye mfuko wa plastiki mgumu, uvitundike kibandani. Bwana afya akipita asikusubirishe ukivitafuta chini ya sufuria saa saba mchana. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, waliofungiwa biashara mapema ni wauza vyakula vya wazi. Mwenye maji ya kunawa yanayotiririka, chakula kilichofunikwa na cheti ukutani ana la kujitetea siku kama hiyo.

Vyombo vya kuanzia

Nunua vichache vizuri. Sufuria mbili kubwa za wali zenye uwezo wa kilo tano kila moja zinafaa kuliko moja ya kilo kumi, na sababu utaiona kwenye ratiba. Sufuria ya maharage, ya mboga, ya mchuzi. Majiko matatu, na angalau moja liwe jiko banifu lenye udongo ndani kwa sababu mkaa ni gharama ya kila siku. Hotpoti mbili kubwa, sahani thelathini, vijiko arobaini kwa maana vijiko hupotea, ndoo yenye koki ya kunawia, mabeseni matatu ya vyombo, madumu ya lita 20, aproni mbili na kitambaa cha kichwa.

Halafu upawa. Nunua pawa mbili tu, moja ya wali na moja ya maharage, na usizibadilishe. Hesabu zako zote zinasimama juu ya ukubwa wake.

Kuhusu gesi: serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na wengi mjini wameanza kuchanganya. Kwa maoni yangu mtungi wa kilo 15 unalipa kwa chai, kukaanga na kuunga, kazi za moto wa haraka unaozimwa mara moja. Maharage yanayochemka kwa saa mbili bado wengi huyaachia mkaa, ingawa anayeweza kupata sufuria ya presha ataokoa muda na mkaa. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo inaua watu usingizini.

Hesabu ya sahani

Hapa tukae, kwa sababu ndipo kibanda kinapona au kinapokufa.

Pika kilo moja ya mchele nyumbani, pakua kwa upawa utakaoutumia kazini, hesabu sahani. Kwa sahani ya kumshibisha mtu wa kazi ngumu, kilo moja hutoa kama sita hadi saba. Mchele mkongwe hunywa maji mengi na hujaa sufuria. Mchele mpya hushikana na hutoa pungufu. Fanya hivyo pia kwa kilo ya maharage. Andika.

Sasa chukua mfano huu. Bei nimeziweka ili tuhesabu pamoja, wewe weka za soko lako:

Mchele kilo 10 kwa 2,600: 26,000
Maharage kilo 4 kwa 3,000: 12,000
Mafuta na nazi: 5,000
Nyanya, vitunguu, karoti: 5,000
Mboga za majani: 3,000
Mkaa: 6,000
Maji: 1,500
Sabuni: 1,000
Kubeba mzigo: 3,000
Msaidizi: 8,000
Ushuru na usafi wa eneo: 1,000

Jumla ni 71,500. Kilo 10 zinatoa sahani 67. Mbili ni zako na msaidizi wako, zibaki 65 za kuuza. Gawa 71,500 kwa 65: kila sahani imekugharimu 1,100. Ukiuza 1,500, sahani inakuachia 400. Zikiisha zote, jioni una faida ya 26,000.

Lakini sahani saba zimebaki, na sita zimekwenda kwa mkopo. Hizo ni sahani 13, yaani 19,500 ambayo haipo mfukoni. Faida ya leo imebaki 6,500 kwa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri.

Tazama tena hizo namba mbili, 1,100 na 400. Sahani moja iliyoliwa bila kulipwa, au iliyomwagwa, inahitaji karibu sahani tatu zilizouzwa ili kuifidia. Ndiyo maana upawa uliojaa kidogo zaidi kwa kila rafiki, yai lililopasuka na kijiko cha mafuta kilichomwagika si vitu vidogo. Na ndiyo maana katika miezi ya mwanzo ni bora kuishiwa chakula saa saba na nusu kuliko kubaki na sufuria nusu saa tisa. Mteja aliyekuta chakula kimekwisha kesho atawahi. Sahani iliyobaki haiwahi popote.

Kosa linalofanana na hilo ni kutojilipa. Jiandikie posho yako ya siku kama unavyomwandikia msaidizi. Kinachobaki juu yake ndicho cha biashara. Asiyejilipa huchota kwenye kisanduku kidogo kidogo, nauli ya mtoto, vocha, mchango wa msiba, na mwisho wa wiki mtaji wa mchele haupo.

Sokoni

Vitu vikavu nunua mara moja kwa wiki, vibichi kila siku au siku mbili. Kwa nafaka wengi huenda Tandale. Mboga na viungo vinapatikana kwa jumla Ilala, Buguruni, Temeke Stereo na Mabibo, soko ambalo wenyewe huliita Mahakama ya Ndizi. Samaki ni Feri, na hapo ukichelewa unanunua kwa mchuuzi, si mnadani.

Kabla ya kununua gunia la mchele omba kilo moja ukaipike. Chukua kiganjani, angalia kama chembe zinafanana au umechanganywa, nusa, tafuna punje mbili. Maharage yaliyokaa sana huwa na ngozi iliyofifia na hayaivi, yatakula mkaa wako wote. Uliza yamevunwa msimu gani, na mtu wa Kigoma au Mbeya atakuambia bila kusita. Karanga na unga wenye ukungu au harufu ya kuvunda acha kabisa, sumu kuvu haiondoki kwa kupika.

Mizani iwe mbele ya macho yako. Kwa vinavyouzwa kwa sado au tenga, tazama sehemu ya chini, maana nyanya nzuri hupangwa juu. Tafuteni majirani watatu au wanne wa vibanda mnunue gunia la vitunguu au viazi pamoja na kugawana nauli ya guta. Wanawake wengi hufanya hivi, na ni akiba inayoonekana kila wiki.

Ratiba inayohesabiwa kurudi nyuma

Weka kituo: saa sita kamili chakula kipo kwenye hotpoti. Halafu rudi nyuma.

Maharage huanza usiku. Yachague mawe, yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi kabla ya kulala. Alfajiri mwaga maji hayo. Kulowekwa hupunguza muda wa kuchemka na hupunguza gesi tumboni. Kwa joto la Dar usiyaache kwenye maji hadi mchana, yatachacha. Yabandikwe saa kumi na mbili asubuhi kwa moto mkali, na yachemke kweli, hasa maharage mekundu, ambayo yasipochemka sawasawa kwa dakika kumi au zaidi yana sumu inayotapisha. Usitie nyanya mapema, ngozi itakuwa ngumu. Saa mbili na nusu hadi saa tatu yameiva. Yaepue, jiko libaki na moto kwa kazi nyingine.

Wakati maharage yanachemka, msaidizi anachambua mboga, wewe unakata vitunguu na nyanya za siku nzima kwa mara moja. Kama una nyama ya mchuzi, ibandike saa mbili. Ubao na kisu cha nyama mbichi visiguse kachumbari. Kama ubao ni mmoja, kata kachumbari kwanza, nyama baadaye.

Saa tatu na nusu unga maharage: kitunguu kiive hadi kibadilike rangi, nyanya zipondeke na mafuta yajitenge, ndipo maharage yaingie na tui mwishoni kwa moto mdogo. Harufu hii ndiyo tangazo lako. Upepo ukielekea kwenye jengo la mafundi, unga saa nne badala ya saa tatu na nusu.

Sufuria ya kwanza ya wali ibandikwe saa nne na nusu, ya pili saa tano na robo. Ya kwanza inawalisha wa saa sita, ya pili inabaki ya moto hadi saa nane. Zaidi ya hapo, ikifika saa tano, kabla ya kuosha mchele wa pili, unasimama na kujiuliza: mawingu yamejikusanya? Saiti wameleta zege leo au wamekosa saruji? Kuna msiba mtaani? Ukiona dalili, pika kilo tatu badala ya tano. Mwenye sufuria moja kubwa hawezi kufanya uamuzi huo.

Maji yakikauka juu, geuza mara moja, funika, punguza moto chini na upalie makaa juu ya mfuniko. Usigeuze tena na tena, wali utapondeka. Mboga za majani ndizo za mwisho kabisa, saa tano na nusu, dakika chache tu kwa mchicha na matembele. Kisamvu ni habari nyingine, hicho kichemke kwenye sufuria yake asubuhi, wakati mmoja na maharage, hadi kilainike sawasawa, maana majani ya muhogo yasiyoiva yana sumu.

Saa sita kasoro robo: mabenchi yamefutwa, ndoo ya kunawa imejaa, sabuni ipo, chenji ya noti ndogo na sarafu ipo kwenye mfuko wa aproni. Nenda msalani sasa. Hutapata nafasi nyingine.

Saa sita hadi saa nane

Gawana kazi: anayepakua hashiki pesa. Noti imepita mikono mingi. Kama mko wawili, wewe pakua, msaidizi apokee pesa, atoe chenji na kukusanya sahani. Kama uko peke yako, weka kisanduku mteja atie mwenyewe na achukue chenji mbele yako, au andika lipa namba kwa herufi kubwa kwenye kibao. Malipo ya simu subiri ujumbe uingie kwenye simu yako, usisome ujumbe kwenye simu ya mteja.

Salimia kabla ya kuuliza. “Karibu anko, shikamoo. Wali kwa maharage au kwa nyama leo?” Kwa kijana, “Kaka, karibu, kuna wali maharage na matembele.” Mteja anayeitwa kwa namna anayoizoea nyumbani hurudi, na akirudi siku tatu mfululizo jua anachokula. “Bila pilipili kama kawaida?” ni maneno yanayouza.

“Mama, niongezee kidogo” utaisikia kila dakika. Usikatae, ila ongeza kilicho rahisi: rojo ya maharage, mboga, ukoko kwa anayeupenda. Wali wa upawa usiongezwe. Hii inamfurahisha mtu bila kuvunja hesabu ya sahani.

Oda za saiti zibebwe mapema, saa sita kasoro dakika kumi, kabla foleni haijaanza. Kila sahani unayopeleka iandikwe jina na msimamizi atie sahihi siku hiyohiyo. Sahihi ya Jumamosi kwa sahani za wiki nzima huzaa ubishi.

Kuna wateja wanaomshika mkono dada anayepakua, au kumtupia maneno ya kumdhalilisha kwa kisingizio cha utani. Mwenye kibanda ndiye anayepaswa kusema, kwa sauti ya kawaida na mbele ya wengine: “Kaka, hapa tunauza chakula. Mheshimu binti yangu.” Ukinyamaza kwa hofu ya kupoteza sahani moja, umemwambia kila aliyekaa benchi kwamba inaruhusiwa.

Madeni

Kibao cha “Leo kulipa, kesho mkopo” kinachekesha lakini hakimzuii mtu. Kinachozuia ni kiwango. Amua deni la mtu mmoja lisivuke sahani mbili, na deni la kibanda kizima lisivuke faida ya siku moja nzuri. Kwa mfano wetu ni 26,000. Likifika hapo, jibu linakuwa “daftari limejaa, kaka yangu, nisaidie ulipe la juzi kwanza,” na hujamkosea mtu heshima.

Andika mbele ya mdaiwa: jina, sahani, tarehe. Usikopeshe usiyejua anafanya kazi wapi. Na mtu aliyeugua au aliyefukuzwa kazi na hana kitu, ukiamua kumlisha, mlishe kama sadaka kutoka kwenye posho yako, usiandike deni usilotarajia kulipwa. Ukichanganya huruma na biashara kwenye hesabu, zote mbili zitaisha.

Vyombo, maji na kiporo

Beseni la kwanza sabuni na maji ya moto, la pili kusuuza, la tatu kusuuza tena kwa maji safi yaliyotiwa dawa kwa kipimo cha kwenye chupa. Badilisha maji yakichafuka, usisubiri yaishe. Sahani zikaushwe kwa kuinamishwa kwenye kichanja juani, si kwa kitambaa kimoja kinachofuta kila kitu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na yachotwe kwa koki. Maji machafu yamwagwe mtaroni, mbali na njia ya wateja.

Chakula kilichopikwa kikae cha moto kweli, nyuzi 60 au zaidi, yaani mvuke unaonekana ukifungua. Kikipoa na kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto letu, usikiuze. Wali una hatari yake: kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, nao wali ukikaa vuguvugu wanazaliana na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha upya haiondoki. Kiporo cha wali nyumbani, kilichopozwa haraka na kuwekwa kwenye friji, ni cha nyumbani. Kibandani hakiuzwi. Saa nane na robo punguza bei, wape taarifa bodaboda wa kijiweni, gawa kwa msaidizi abebe. Kitakachobaki kina mfugaji wa kuku au nguruwe anayekihitaji.

Vifungashio pia: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara Juni 1, 2019, na chakula cha moto hakifai kwenye nailoni hata hivyo. Mhimize mteja aje na chombo chake.

Msaidizi wako

Msaidizi ndiye anayeinama juu ya mabeseni tangu alfajiri. Mkubaliane kwa maneno ya wazi siku ya kwanza, mbele ya ndugu au jirani: analipwa kiasi gani, kila siku au kila wiki, anakula nini, anapumzika siku gani, akiugua inakuwaje, sahani ikivunjika nani analipa. Sahani ikivunjika kwa bahati mbaya ni gharama ya biashara. Mpe hela yake jioni kabla hujahesabu faida, hata siku mvua imeharibu mauzo. Yeye kazi ameifanya. Usimwajiri mtoto. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na binti aliyepaswa kuwa darasani hafai kuwa kwenye karai lako.

Mfundishe kazi, si kuosha tu. Siku utakapolazwa au kuzika, ni yeye atakayebandika maharage.

Na wewe uliyeajiriwa: weka kijidaftari chako cha siku ulizofanya kazi na ulicholipwa. Jifunze bei za soko na vipimo vya sufuria, hiyo ndiyo elimu utakayoondoka nayo ukifungua cha kwako.

Pesa za kukopa

Mikopo inayoitwa kausha damu imewamaliza mama lishe wengi. Chukulia unapewa 100,000 na kurudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Utalipa 130,000 kabla mwezi haujaisha. Sasa rudi kwenye siku yetu ya faida ya 6,500: ukitoa 5,000, umebaki na 1,500. Siku inayofuata ya mvua utalipa kutoka kwenye mtaji wa mchele, na baada ya hapo wanakuja kubeba sufuria na godoro. Usiweke rehani chombo cha kazi. Usisaini karatasi usiyoielewa au isiyo na jumla ya marejesho.

Mchezo wa kijumbe, yaani kuchangishana na kupokea kwa zamu, na majirani mnaofahamiana, au VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) yenye katiba na mikutano, ni salama zaidi, mradi mchango wako wa siku usizidi posho yako. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 kupangwa upya na kurejeshwa 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumuuliza. Inachukua muda, inahitaji kikundi kilichosajiliwa na akaunti, kwa hiyo anzeni kabla hamjabanwa.

Masika, Ramadhani na siku nyingine ngumu

Machi hadi Mei mvua za masika husimamisha saiti. Mkaa nunua kabla ya mvua uhifadhi pakavu, kwani ukilowa bei inapanda na moto hauwaki. Punguza sufuria, ongeza supu na chai ya tangawizi. Ramadhani wateja wa mchana hupungua sana: hamishia nguvu jioni uuze futari za kubeba, mihogo ya nazi, magimbi, tambi, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga. Anza kubandika saa saba mchana, kila kitu kiwe tayari saa kumi na moja jioni. Heshimu pia waliofunga kwa kutundika pazia kama unauza mchana.

Mwili unaofanya kazi hii

Jiko liinuliwe kwenye meza ya matofali au chuma, kiunoni, usipike umeinama siku nzima. Sufuria ya wali wa kilo tano za mchele ibebwe na watu wawili. Kaa upande upepo unakotokea ili moshi ukuepuke. Vaa viatu vilivyofungwa mbele, si kandambili, mafuta ya moto humwagikia vidoleni. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya mswaki, mafuta wala asali; malengelenge makubwa au ya usoni ni ya hospitali. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, na kula sahani yako saa tano na nusu, kabla ya wateja, siyo saa kumi wali ukiwa umebaki ukoko.

Ukiharisha au kutapika, usishike chakula cha watu hadi zipite siku mbili tangu ulipopona kabisa. Jumapili saiti nyingi zimefungwa, na hiyo ndiyo siku ya kufunga kibanda. Asubuhi pumzika. Jioni fungua daftari, jumlisha sahani zilizobaki wiki nzima, siku kwa siku. Ukiona Jumatatu na Alhamisi zinabakisha kila wiki, punguza mchele wa siku hizo kilo moja, kisha loweka maharage ya kesho.